Pengo la Kushoto

Baba alichonga maneno kinyume.
Ndiyo kazi ya mchonga mihuri: herufi ikupe mgongo mtini
ili ikupe uso karatasini.
Nilipokuwa na miaka saba nilimuuliza
mbona dukani kwetu hakuna kisomekacho bila kioo.
Akacheka, vumbi la mti likamtoka masharubuni.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Wizara ya Mambo ya Ndani,
kule Kasumigaseki, ngazi za mawe, milango mizito.
Ilizaliwa mwaka wa sita wa Meiji, babu akiwa mwanagenzi,
ikatambaa kama mboga juu ya paa la jirani:
polisi wake, magavana wake,
mito na madaraja,
magazeti kabla hayajakauka wino.

Oda aliileta karani Tsukuda,
mwavuli mweusi mkononi, mvua ipo, mvua haipo.
Alihesabu kwa sauti, kama anayenunua mayai:
IMERUHUSIWA, miwili.
SIRI, mitano.
IMEFUTWA, ishirini,
"maana ile ya mwaka jana imelika."

Imelika! Mti ule unaovunja patasi
umelika kwa kugongwa juu ya maneno ya watu.
Baba hakuuliza. Mchonga mpini haulizi shoka linakwenda wapi.
Tulilipwa kwa wakati. Tulikula wali mweupe.

Mwaka wa nane wa Showa, usiku wa theluji,
polisi wa fikra walimchukua kaka yangu Yukinori.
Kosa lake kijitabu, kurasa kumi na sita,
juu ya njaa ya wakulima wa kaskazini.
Asubuhi kofia yake ya chuo ilikuwa bado msumarini.

Siku ya arobaini ikaja bahasha.
Moyo, waliandika. Moyo wa kijana wa miaka ishirini na mmoja.
Mama alisoma maandishi. Baba alisoma muhuri:
IMERUHUSIWA kuchukua mwili.
Akausogeza kwenye taa,
akagusa pembe ya kushoto, penye pengo dogo kama la jino la mtoto,
pale patasi ilipomteleza mwezi wa pili
akasema, itapita, nani ataona.

Alinoa patasi hadi alfajiri
na hakukuwa na kazi yoyote mezani.

Agosti ile vita ilipokwisha
wizara ilichoma karatasi zake uani, mchana na usiku.
Majivu yakatua kwenye nguo nilizoanika.
Nikafua tena.

Ikafa yenyewe siku ya mwisho ya mwaka wa ishirini na mbili.
Matanga hayakuwekwa. Urithi uligawanywa:
barabara kwa huyu, polisi kwa yule.
Tarehe saba Januari, tukila uji wa majani saba,
mlango ukagongwa. Tsukuda. Mwavuli.
Mgongoni furushi la mihuri.
"Mti mzuri hautupwi," alisema.
"Piga randa nyuso zake, uchonge majina mapya."

"Nyoka hujivua gamba," mama akasema toka jikoni,
hakupunguza sauti, "meno hayavui."

Baba alipiga randa siku nne.
Mihuri ikafupika kidogo, mkono wa kuishika uleule.
Tsukuda alihesabu kwa sauti, kisha akahesabu tena kimya.
"Umepungua mmoja."
"Ulioza," alisema baba.
Mti ule hauozi. Wote watatu tulijua.
Tsukuda akaitazama kofia msumarini,
akatoka, akafungua mwavuli kwenye jua.

Baba amekufa. Muhuri ninao mimi, Kinu,
pamoja na nakala moja ya kile kijitabu
niliyoishonea ndani ya mto wangu wa kulalia nikiwa na miaka kumi na miwili.
Jana niliupaka wino, nikagonga ukurasa wa kwanza.
Wino ulikuwa wa bei rahisi.
Ulienea, ukaziba pengo.